Manyoya mafupi yasiyoisha kuanguka: brashi ya mpira, chanuo la chuma, kuogesha au mafuta ya samaki?

Mtu anayechukua mbwa wa manyoya mafupi mara nyingi huwa ameshajiambia kwamba nyumba itabaki safi. Wiki mbili baadaye anaanza kuyaona: kwenye suruali nyeusi, kwenye shuka, kwenye viti vya gari, hadi ndani ya kikombe cha chai. Manyoya marefu hujikusanya pembeni yakawa donge unaloliokota kwa mkono. Haya mafupi hujichomeka kwenye kitambaa kama sindano na kung'ang'ania humo hata baada ya kufuliwa. Labrador, Beagle, Dalmatian na Pug wote wana manyoya mafupi, na wote hupukutisha kweli kweli.

Sababu iko kwenye maisha ya unyoya wenyewe. Kila unyoya hukua, hupumzika, kisha humwachia nafasi mwenzake. Kwa mbwa hawa kipindi cha kukua ni kifupi. Unyoya hufikia urefu wake mapema, hukaa kwenye kinyweleo ukiwa umekufa, halafu hudondoka. Mzunguko huo huongozwa zaidi na urefu wa mchana kuliko joto la hewa, ndiyo maana mbwa anayelala ndani chini ya taa za umeme huweza kupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima.

Kwa hiyo niseme wazi mapema: hakuna kifaa, shampuu wala mafuta yatakayokomesha jambo hili kwa mbwa mwenye afya. Yaliyo mikononi mwako ni mawili. La kwanza ni mahali ambapo unyoya uliokwisha kufa utaangukia, mkononi mwako au kwenye kochi. La pili ni kuhakikisha unyoya ulio hai hauanguki kabla ya wakati wake kwa sababu ngozi imedhoofika. Brashi na chanuo hushughulikia la kwanza. Chakula hushughulikia la pili. Kuogesha kunagusa yote mawili, kwa kiasi. Wengi ninaowasikia wakisema "nimejaribu kila kitu" wamenunua dawa ya tatizo moja wakati mbwa wao ana lile jingine.

Kabla ya kununua chochote

Mlaze mbwa penye mwanga mzuri, kisha utenganishe manyoya yake kwa vidole gumba viwili, kwanza begani, halafu nyuma ya paja. Ukiona chini kabisa, karibu na ngozi, manyoya laini mepesi kama pamba, mara nyingi yenye rangi iliyofifia kuliko ya juu, mbwa wako ana tabaka mbili. Labrador na Beagle wako hivyo. Ukiona ngozi moja kwa moja, ana tabaka moja, kama Boxer, Doberman, Vizsla au Dalmatian. Jambo hili moja litaamua zaidi ya nusu ya uchaguzi wako, na ajabu ni kwamba wauzaji wengi hawaliulizi kabisa.

Ukiwa hapo hapo, itazame na ngozi. Manyoya yanayopungua sawasawa mwili mzima bila kuacha kipara ni kupukutisha kwa kawaida. Kipara cha mviringo, wekundu, magamba mengi, harufu ya uvundo, vichembe vyeusi kwenye shina la mkia, au mbwa anayejikuna hadi usiku: hayo hayana brashi. Nitayarudia mwishoni.

Tutakavyovipima

Kila njia nimeipima kwa mambo manne. Inaondoa au kubadilisha nini hasa? Ngozi inaipokeaje? Inadai muda gani, na mbwa mwenyewe anaikubali? Mwisho, inamfaa nani? Ngozi nimeipa uzito zaidi kuliko usafi wa kochi, na nina sababu. Ngozi ya juu ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, ina safu chache tu za chembe hai, na kwa mbwa wa manyoya mafupi hakuna kinga nene juu yake. Kosa dogo la mkono linaonekana siku hiyo hiyo.

Brashi au glovu ya mpira

Inachoondoa. Vidole vya mpira hukamata unyoya uliokwisha kulegea na kuuvuta, huku ule ulio imara ukibaki. Hutoa manyoya mengi ya juu, na sehemu ya yale ya ndani. Kwa mbwa wa tabaka moja hiyo inatosha kabisa. Kwa Labrador aliye katikati ya msimu wa kupukutisha utachoka wewe kabla hayajaisha.

Ngozi. Hapa ndipo inapozipita nyingine. Kusugua kwa mizunguko midogo, kisha kumalizia kwa kufuata uelekeo wa manyoya, husambaza mafuta ya asili kutoka kwenye ngozi hadi ncha za unyoya, na huo ndio mng'ao ambao watu huutafuta kwenye chupa. Hatari yake ni ndogo. Epuka tu kukandamiza kwenye mifupa ya nyonga, kiwiko na uti wa mgongo, na tumbo lipitishie mkono mwepesi.

Muda na mbwa. Dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa wiki. Wengi huifurahia kwa sababu huihisi kama kukandwa. Glovu ina faida ya ziada kwa mbwa mwoga: anachokiona ni mkono wako. Tena vidole vyako hugundua kupe, uvimbe au kidonda kabla macho hayajaona. Ubaya wake ni kwamba manyoya hurukaruka, basi fanyia nje au juu ya shuka kuukuu.

Inamfaa nani. Karibu kila mbwa wa tabaka moja, mtoto wa mbwa anayejifunza kuguswa, mzee mwenye ngozi laini, na mwenye mbwa anayetaka kuanza na kitu kimoja cha bei nafuu.

Brashi ya nywele, ile inayofanana na brashi ya viatu, haihitaji sehemu yake peke yake hapa. Inatoa vumbi na manyoya ya juu kabisa na kung'arisha. Ni ya kumalizia baada ya mpira, na peke yake haitapunguza kazi ya ufagio.

Chanuo au kisu cha meno ya chuma

Inachoondoa. Hiki ndicho kifaa ambacho picha zake huonyesha rundo la manyoya karibu lilingane na mbwa mwenyewe. Meno yake membamba hupenya tabaka la juu na kuyaleta yale ya ndani. Kwa mbwa wa tabaka mbili katika msimu wake, hakuna kitu cha mkononi kinachofanya kazi haraka kama hiki.

Lakini tazama meno yenyewe kabla ya kununua. Kuna vyenye meno ya mviringo yasiyokata, na kuna vyenye ukingo uliotengenezwa kama wa mashine ya kunyolea. Vile vya aina ya pili havichagui vizuri: pamoja na unyoya uliokufa hukata na ulio hai. Rundo linakuwa kubwa, mwenye mbwa anafurahi, na sehemu ya rundo hilo haikupaswa kutoka.

Ngozi. Nilijifunza hili kwa mbwa wangu wa tabaka moja. Niliona manyoya yanatoka nikaendelea, robo saa nzima, nikirudia ubavu ule ule. Jioni palikuwa na michirizi myekundu, na kwa siku kadhaa alikuwa anaondoka kila aliponiona nimeshika kitu. Michubuko hiyo inatokana na msuguano, na hutokea hata kama hukukandamiza sana, kwa kurudia tu mahali pamoja. Kwa wiki nyingi baadaye manyoya ya ubavu ule yalionekana yamekatika na kupauka. Kifaa hakikuwa kibovu, ila kwenye mwili wake hakikuwa na tabaka la kufanyia kazi isipokuwa ngozi.

Muda na mbwa. Dakika zisizozidi 10, mara moja kwa wiki, na msimu ukiisha kiweke kabatini. Mikono mepesi, mipigo mifupi, kufuata uelekeo wa manyoya, na usikitumie kwenye ngozi yenye chunusi, kidonda au iliyolowa. Mbwa wengine hawakipendi, na wana haki.

Inamfaa nani. Mwenye Labrador, Beagle au chotara mwenye manyoya ya ndani yaliyojaa, katika wiki zile chache za kupukutisha sana, aliye na mkono wa subira. Kwa Boxer, Doberman, Vizsla au Dalmatian sikipendekezi.

Kumwogesha

Inachoondoa. Maji ya uvuguvugu na kusugua hulegeza unyoya uliokufa, mba na mafuta yaliyoganda. Ukiingiza brashi ya mpira wakati shampuu ina povu, utatoa kwa dakika 10 kiasi ambacho brashi kavu ingekupa kwa siku kadhaa. Siku moja au mbili baadaye manyoya huendelea kutoka, na watu hudhani shampuu imemdhuru mbwa. Mara nyingi ni yale yaliyolegezwa yanayomalizikia. Mpitishie mpira tena akishakauka.

Ngozi. Njia hii inaweza kuitibu ngozi au kuiharibu, kutegemea mambo matatu. La kwanza ni sabuni. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) ikiwa karibu na 5.5, na ya mbwa iko karibu na 7. Shampuu yetu imetengenezwa kwa ngozi yetu, na sabuni ya mche yenye magadi ni kali zaidi. Tumia ya mbwa, isiyo na manukato makali, na jiepushe na bidhaa zenye mafuta ya mti wa chai, ambayo ni sumu kwa mbwa yakizidi. La pili ni kusuuza. Povu linalobaki kwapani, kwenye kinena na chini ya shingo huleta muwasho, na muwasho huleta kujikuna, na kujikuna hung'oa manyoya. Suuza hadi mkono usihisi utelezi, kisha suuza tena. La tatu ni marudio. Kwa mbwa mwenye afya, kila wiki 4 hadi 8 panatosha. Ukimwogesha kila mara ili nyumba ikae safi, utaondoa mafuta yanayolinda ngozi, itakauka, na manyoya yatazidi kuanguka.

Shampuu ya dawa ina sheria zake. Kwa kawaida hutakiwa kukaa kwenye ngozi kama dakika 10 kabla ya kusuuzwa, na ukiimwagia maji mapema umeosha pesa yako. Na kama mbwa hutiwa dawa ya viroboto ya matone mgongoni, soma maelekezo yake kwanza: nyingi hutaka siku mbili kavu kabla na baada.

Muda na mbwa. Hesabu karibu saa nzima pamoja na kukausha. Kausha hasa katikati ya vidole na ndani ya mikunjo ya uso kwa wale wa aina ya Pug, kwa sababu unyevu ukikaa hapo fangasi na bakteria hupata makao. Mbwa anayeogopa maji asilazimishwe. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kikifuatiwa na mpira, ni nusu ya kazi bila vita.

Inamfaa nani. Mbwa anayetoa mafuta au harufu, mwenye mba mwepesi, anayeanza msimu wa kupukutisha, na nyumba yenye mtu mwenye mzio.

Chakula na mafuta ya samaki

Inachobadilisha. Njia hii haitoi unyoya hata mmoja, na ndiyo maana hukatisha tamaa watu wa haraka. Kazi yake iko chini ya ngozi. Unyoya ni protini kwa sehemu kubwa, na ngozi pamoja na manyoya huweza kudai hadi karibu asilimia 30 ya protini anayohitaji mbwa kwa siku. Chakula kikiwa duni, mwili hulinda moyo na misuli kwanza. Manyoya hupewa mabaki: yanakuwa makavu, yanakatika, yanaachia mapema. Asidi ya linoleiki, ambayo ni ya kundi la mafuta liitwalo omega-6, huhitajika ili ngozi izuie maji yasipotee. EPA na DHA, asidi zilizomo kwenye mafuta ya samaki, za kundi liitwalo omega-3, hutuliza uvimbe na muwasho. Upungufu wa zinki nao huonekana mapema kwenye ngozi, kama magamba kuzunguka macho na mdomo.

Ngozi. Kama tatizo lilikuwa lishe au muwasho mdogo, hapa ndipo mabadiliko ya kudumu hutoka. Kama mbwa tayari anakula chakula kamili kilichopangwa vizuri, usitegemee makubwa.

Muda na mbwa. Wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhukumu, wakati mwingine 12. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa takriban wiki 3, na unyoya mpya hauwezi kutangulia ngozi inayouotesha. Kumpa ni rahisi, wengi hulamba bakuli. Lakini mafuta ni chakula: kijiko kimoja cha chai kina takriban kalori 40, na kwa mbwa wa kilo 10 anayehitaji kalori 600 hivi kwa siku, hiyo ni karibu asilimia 7. Punguza chakula kidogo ili asinenepe. Anza na robo ya kipimo, panda taratibu kwa wiki mbili, maana ukimpa yote siku ya kwanza ataharisha. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho, anayetumia dawa zinazopunguza kuganda kwa damu, au anayekaribia upasuaji, asipewe bila daktari. Usichanganye mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki. Haya ya ini yana vitamini A na D nyingi, na zikilimbikizana mwilini hudhuru.

Inamfaa nani. Mbwa mwenye manyoya yaliyopauka na ngozi kavu bila ugonjwa unaoonekana, anayelishwa mabaki ya mezani au chakula cha aina moja siku zote. Inamfaa pia jike aliyetoka kunyonyesha.

Na kunyoa?

Huulizwa sana, kwa hiyo nipite haraka. Kunyoa hakupunguzi idadi ya manyoya yanayokufa. Kunayafanya mafupi zaidi, yachome kitambaa zaidi, na kunaiacha ngozi wazi kwa jua. Kwa mbwa wa manyoya mafupi sioni sababu, isipokuwa daktari anataka kufikia kidonda.

Uchague kwa hali yako

Mtoto wa mbwa hubadilisha manyoya ya kitoto kati ya miezi 4 na 6 hivi. Mpe glovu ya mpira dakika mbili kwa siku, umsifu, basi. Unachojenga hapo ni ukubali wa kuguswa miguu, masikio na tumbo, ambao utakuokolea mengi akiwa na kilo 30.

Tabaka moja, mwenye afya, kochi limejaa sindano: mpira mara tatu kwa wiki, na kumwogesha kila mwezi mmoja au miwili. Chuma usikinunue.

Tabaka mbili, na yanatoka kwa mafungu: anza kwa kumwogesha huku ukisugua kwa mpira, mkaushe kabisa, kisha chanuo la meno yasiyokata mara moja kwa wiki hadi mafungu yaishe. Ukifuata mpangilio huu chuma kinapata kazi ndogo, na ngozi inapumzika.

Nyumbani kuna mwenye mzio: kinachomsumbua zaidi hutoka kwenye mate na magamba ya ngozi, na unyoya ni mbebaji tu. Kuogesha husaidia kwa siku chache kisha hali hurudi, hivyo huenda ukahitaji kufanya mara nyingi kuliko kawaida. Chagua shampuu laini sana, na ukiona ngozi inakauka punguza. Mbwa apigwe brashi nje, na mtu asiye na mzio.

Jike aliyezaa hupukutisha sana miezi 2 au 3 baada ya kujifungua, hata akaonekana amenyolewa. Mpe chakula chenye protini ya kutosha na mpira mwepesi. Kwa kawaida manyoya hurudi yenyewe.

Huna muda kabisa: glovu ya mpira dakika 5 kila Jumamosi na chakula kizuri kila siku vitakufikisha mbali kuliko vifaa vinne vinavyokaa kwenye droo.

Na yule mwenye kipara au anayejikuna. Weka vyote chini umwone daktari wa mifugo. Vipara vya mviringo vyenye magamba huweza kuwa fangasi wa ngozi, ambao huambukiza watu, kwa hiyo brashi yake isitumike kwa mbwa mwingine. Muwasho mkali masikioni na viwikoni huweza kuwa upele wa wadudu wasioonekana kwa macho. Daktari hukwangua ngozi kidogo na kuwatafuta kwa hadubini. Manyoya yakipungua pande zote mbili kwa usawa, mbwa amenenepa na amekuwa mzito wa kuamka, huchunguzwa tezi ya thairoidi. Akinywa maji kupita kiasi, akikojoa sana na tumbo likining'inia, tezi za juu ya figo hutazamwa. Nenda na picha za wiki kadhaa kwenye simu, taja kila kitu anachokula na kila dawa uliyompaka, na usimwogeshe siku mbili tatu kabla ya kwenda, ili daktari aione ngozi jinsi ilivyo.